Kiumbe wa pichani ni sanamu, na mjukuu wako ni mtoto

«Asalaam aleikum. Mimi ni bibi, ninaishi Tanga. Mkamwana wangu amejifungua mtoto wa kiume ambaye sasa ana wiki tano. Ni mzima, ila ana mdomo sungura upande wa kushoto. Arubaini inakaribia na mama yake hataki wageni wamwone. Katika kundi la WhatsApp la ukoo zimeletwa picha mbili. Moja ni ya kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakisema ni msichana wa Oman aliyegeuzwa kwa kumkosea mama yake heshima na kuitupa Kurani. Nyingine ni ya nguruwe mwenye sura ya mtu ananyonyesha watoto, wakisema ni kazi ya wanasayansi wa Ulaya. Wifi wa mkamwana wangu akaandika kwamba, ikiwa hayo yanawezekana, na huyu wa kwetu achunguzwe. Mwingine anasema mama alikula sungura akiwa mjamzito. Mpwa wangu anayesomea sanaa Bagamoyo anasema zote mbili ni sanamu, lakini haaminiwi, na yeye naye sasa anataka kumfinyanga mtoto pamoja na sungura kwa ajili ya mtihani wake. Je, picha hizo ni za kweli? Binadamu anaweza kuchanganywa na mnyama? Na kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze kitu kama kile?»

Waaleikum salaam, mama, na shikamoo. Hongera kwa kupata mjukuu. Ninaanza na hongera kwa sababu katika barua yako nimewaona watu wengi waliosema juu ya mtoto huyu, na sikumwona hata mmoja aliyempongeza mama yake.

Mpwa wako amesema kweli. Picha zote mbili ni za sanamu, tena za msanii mmoja, Patricia Piccinini, mwanamke aliyezaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1965, akahamia Australia akiwa mtoto, na ambaye hufanyia kazi zake Melbourne. Nguruwe anayenyonyesha anatoka katika kazi yake ya mwaka 2002 iitwayo The Young Family. Kiumbe anayedaiwa kuwa msichana wa Oman anatoka katika kazi ya mwaka 2003 iitwayo Leather Landscape, ambamo viumbe wa kubuniwa wenye umbo linalokaribia la nguchiro wamewekwa pamoja na mtoto wa kike anayewatazama bila woga. Mwaka huo huo Piccinini aliiwakilisha Australia katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Sanamu zake hutengenezwa kwa silikoni na faibaglasi, ngozi yake hupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa hadi mishipa na mabaka yaonekane, kisha hupandikizwa nywele halisi za binadamu. Ndiyo maana zikipigwa picha na kuondolewa maelezo yake, jicho la mtu wa kawaida halina njia ya kuzitambua.

Kisa cha msichana wa Oman kimezunguka duniani kwa miaka mingi kikiwa kimebandikwa kwenye picha hiyo. Maneno hubadilika kidogo kila kinapopita, lakini picha ni ile ile. Huku kwetu Pwani, ambako nyumba nyingi zina ndugu Muscat au Sohar, nadhani kinaaminika upesi kwa sababu Oman ni karibu kiasi cha kujulikana na ni mbali kiasi cha kutoweza kwenda kuulizia mtaani. Juu ya uwezo wa Mwenyezi Mungu mimi sisemi neno, kwani fani yangu ni jenetiki, yaani elimu ya urithi, na maswali ya dini yana wenyewe. Muulizeni sheikh wenu. Nisemalo ni la kidunia kabisa: kitu kilicho pichani kilitengenezwa karakanani, na aliyekitengeneza anajulikana. Wala halihitaji mwanasayansi jambo la kwamba Sura ya Al-Hujurat inawaamuru waumini kuihakiki habari kabla hawajawadhuru watu kwa kutojua.

Umeuliza kwa nini mtu atengeneze kitu kama kile, na swali hilo linastahili jibu la heshima, kwa sababu kumchanganya mtu na mnyama katika sanaa si jambo la kigeni wala la juzi. Tangu miaka ya 1950, Samaki Likankoa na wachongaji wengine wa Kimakonde walipoanza kuchonga mashetani, Watanzania tumeuona mpingo ukitoa viumbe wenye masikio ya mnyama, jicho moja na viungo vilivyopinda kama mizizi. Nenda kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, utawakuta bado. Hakuna aliyepata kuwapiga picha na kudai kwamba wamezaliwa hospitali fulani, kwa sababu weusi na ung'aavu wa mti ule unasema wazi kwamba hii ni kazi ya mkono. Piccinini ameuondoa ulinzi huo kwa makusudi. Amempa kiumbe wake ngozi laini, jasho na uchovu wa mama aliyetoka kujifungua, ili mtazamaji ashindwe kusema haraka kwamba jambo hili halimhusu.

Na lilikuwa linamhusu. Wakati ule wanasayansi walikuwa wakijadili kwa dhati kufuga nguruwe waliobadilishwa jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ili viungo vyao vipandikizwe kwa binadamu, kwa kuwa moyo na figo za nguruwe zinakaribiana na zetu kwa ukubwa. Piccinini akachukua jambo hilo lililokuwa likizungumzwa kwa lugha ya maabara, akalipa mwili, akaliweka sakafuni mbele ya watu. Nguruwe wake amelala ubavu, anatazama mbele kwa macho ya kibinadamu, na vitoto vinanyonya. Mtazamaji huulizwa jambo moja tu: ikiwa tutawaumba viumbe hawa kwa faida yetu, nani atawalea, na tutawadai nini? Miaka ishirini baadaye, Januari 2022, madaktari wa Baltimore, Marekani, walimpandikizia mgonjwa moyo wa nguruwe aliyekuwa amefanyiwa mabadiliko kumi ya jeni: jeni za nguruwe zilizozimwa ili mwili usiukatae moyo ule na ili moyo usiendelee kukua, na jeni sita za binadamu zilizoongezwa. Mgonjwa aliishi takriban miezi miwili. Alikuwa mtu kabla ya upasuaji na alifariki akiwa mtu. Moyo ule haukugusa fikra zake, wala usingeweza kumrithisha mtoto wake chochote cha nguruwe. Unaona basi kwamba sanamu iliyoletwa katika kundi lenu kama ushahidi wa laana ilikuwa ni swali la uaminifu juu ya tiba. Aliyeondoa maelezo alilifuta swali, akaacha kitisho peke yake.

Sasa niingie katika kiini cha hofu yenu, yaani kuchanganyika. Binadamu hawezi kuzaa na mnyama yeyote, na haijawahi kuthibitishwa kwamba jambo hilo limetokea hata mara moja. Sababu zipo kwa tabaka. Yai la binadamu limefunikwa na utando unaoitambua mbegu ya kiume ya binadamu, na mbegu ya mnyama wa mbali kwa kawaida hainasi hapo. Hata ingepita, maelekezo ya urithi yamepangwa katika kromosomu, nyuzi ndogo zilizo ndani ya seli, na hesabu na mpangilio wake hutofautiana: binadamu ana 46, nguruwe 38, sungura 44, mbwa 78. Zingatia kwamba punda na farasi, ambao ni ndugu wa karibu sana, mmoja mwenye kromosomu 62 na mwingine 64, hupata baghala mwenye 63, na huyo baghala karibu siku zote ni tasa. Ikiwa umbali mdogo hivyo unafunga mlango wa kizazi cha pili, wa mtu na nguruwe haufunguki hata kidogo. Wala kula nyama ya sungura hakupeleki jeni za sungura kwa mtoto, kwa sababu tumbo huzimeng'enya pamoja na protini na mafuta, kama linavyofanya kwa jeni za kuku na za mchicha tunaokula kila siku.

Sitakuficha, hata hivyo, kwamba maabara imefanya mambo ambayo maumbile hayafanyi, na ni vema uyasikie kutoka kwangu kuliko kuyapata nusu nusu kwenye simu. Mwaka 2017 watafiti wa Salk Institute, California, walitangaza kwamba waliingiza seli za binadamu katika viinitete vya nguruwe, yaani mimba changa kabisa, wakavipandikiza katika majike, kisha wakasitisha vilipofikisha wiki tatu hadi nne. Seli za binadamu zilizosalia zilikuwa chache mno. Vilevile, kuna panya wengi sana wa maabara waliopewa jeni moja moja ya binadamu ili magonjwa yetu yachunguzwe kwao. Ukimwona panya wa aina hiyo, unaona panya. Ana mkia wa panya, ana njaa ya panya.

Kwa nini jeni ya kiumbe mmoja haimgeuzi mwingine? Jaribio lililonifundisha jambo hili kuliko mengine lilifanyika Basel, Uswisi, katika maabara ya Walter Gehring, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995. Watafiti walichukua jeni ya panya inayohusika na kuanzisha jicho, wakaiwasha katika miguu na mabawa ya nzi wadogo wa matunda. Macho yaliota mahali hapo pasipo pake, lakini yalikuwa macho ya nzi, yenye vijicho vingi vidogo vilivyopangana, wala si jicho la panya. Jeni ile ilikuwa agizo, na aliyelitekeleza ni mwili wa nzi kwa vifaa vyake mwenyewe. Ni sawa na kumwambia mpishi wa Pemba na mpishi wa Uajemi kwamba apike wali: agizo ni moja, lakini kila mmoja atapakua kile ambacho jiko lake, mchele wake na mkono wake vinajua kupika.

Hapa ndipo watu husoma kwamba tunashirikiana na sokwe karibu asilimia 98 au 99 ya mfuatano wa jeni unaoweza kulinganishwa, wakadhani kuwa ukuta ni mwembamba na unaweza kubomoka tumboni mwa mama. Asilimia hiyo haipimi ukaribu wa kuzaliana. Inatuonyesha kwamba kazi za msingi za uhai, kama kupumua, kugawanya seli na kutunza sukari, zinafanywa kwa mashine zinazofanana. Sisi wanabiolojia tunaeleza kufanana huko kwa asili ya pamoja ya kale mno. Mfano ulio karibu na nyumba nyingi ni insulini. Ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu katika kiungo kimoja tu kati ya 51 vinavyoijenga, na ya ng'ombe katika vitatu. Kuanzia miaka ya 1920 wagonjwa wa kisukari waliishi kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe, hadi mwaka 1982 ilipoidhinishwa Marekani insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliopewa jeni yetu. Wagonjwa hao wote walibaki watu, na bakteria wale wamebaki bakteria.

Kwa kuwa umemtaja sungura, nikusimulie juu ya sungura mmoja ambaye mpwa wako bila shaka amemsoma chuoni. Aliitwa Alba. Mwaka 2000 Eduardo Kac, msanii mzaliwa wa Rio de Janeiro aliyekuwa akiishi Chicago, alimtangaza sungura huyu mweupe, aliyezaliwa katika maabara ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa akiwa na jeni ya yavuyavu wa baharini. Jeni hiyo hutengeneza protini inayotoa mwanga wa kijani inapomulikwa kwa mwanga wa buluu. Osamu Shimomura aliitambua protini hiyo kwa yavuyavu mwaka 1962, Martin Chalfie akaonyesha mwaka 1994 kwamba inaweza kuwashwa ndani ya viumbe wengine, na mwaka 2008 wawili hao pamoja na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa kuwa sasa seli zinaweza kufuatiliwa zikiwa hai. Kac alitaka kumpeleka Alba nyumbani akaishi na familia yake, maabara ikakataa kumtoa, na mabishano yakawa makali. Hata picha maarufu ya sungura aliyeng'aa kijani mwili mzima ilibishaniwa, wengine wakisema kuwa manyoya ya sungura hayawezi kung'aa namna ile.

Mimi naiheshimu hoja ya Kac kwamba kiumbe akishaumbwa kwa sayansi apewe jina na nyumba, lakini Alba hakuwahi kuipata nyumba hiyo, na moyo wangu unaegemea zaidi kwa msanii wa Marekani Kathy High. Yeye, akiwa na ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, aliwachukua panya wa maabara waliopewa jeni ya binadamu inayohusiana na magonjwa ya namna hiyo, akawapa majina, akawajengea makazi mapana ndani ya maonyesho ya mwaka 2005 huko Massachusetts, na akawatunza wagonjwa kama yeye mwenyewe alivyotunzwa. Hapo mnyama hakuwa alama ya kitu kingine. Alikuwa mgonjwa mwenzake.

Tuje kwa mjukuu wako. Mdomo wake haukutoka kwa sungura. Jina tu ndilo lililotoka huko, kwa sababu ya mwonekano. Uso wa kila binadamu huundwa kwa sehemu ndogo zinazokua kutoka pande mbili na juu, zikaelekeana na kuungana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajawa na hakika hata kuwa ni wajawazito, na kaakaa hufuata wiki chache baadaye. Kuungana huko kukikatizwa upande mmoja, hubaki mwanya, na mara nyingi zaidi huwa upande wa kushoto, kama kwa huyu wenu. Duniani hukadiriwa kuwa hutokea kwa mtoto mmoja katika kila 700 hivi. Chanzo huwa ni mchanganyiko wa jeni kadhaa za pande zote mbili za wazazi na hali za ujauzito. Uvutaji wa tumbaku na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano, lakini kwa wazazi wengi hakuna jambo moja la kulinyooshea kidole. Kutazama picha, kucheka mtu au kumkosea mzazi hakumo katika orodha hiyo. Mwambie mkamwana wako maneno haya kwa kinywa chako, mbele ya mume wake, kwa sababu akiyasikia kwa mama mkwe yatamfikia kuliko yangu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyafanya. Mtoto anahitaji kuonwa na daktari sasa, bila kungoja arubaini. Nendeni Hospitali ya Bombo, mwombe achunguzwe mdomoni hadi ndani, kwa kuwa kaakaa lililo wazi halionekani kwa nje na ndilo linaloleta taabu ya kunyonya. Apimwe uzito kila wiki. Akikohoa na kupaliwa kila anaponyonya, maziwa yakitoka puani, akichoka kabla hajashiba, akipata homa au asipoongezeka uzito, msikae naye nyumbani hata siku moja. Muulize pia kuhusu rufaa ya upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazofanya upasuaji huu. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita, na kaakaa, kama lipo wazi, kati ya miezi tisa na kumi na minane. Kama wazazi wana mpango wa kuzaa tena, au kama katika koo zao wapo wengine waliozaliwa hivyo, wamwombe daktari awaeleze uwezekano wa kujirudia, na mama aanze vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine. Na mama huyu asiyetaka wageni, mtazameni kwa karibu. Akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akilia kutwa, au akitamka kwamba afadhali yeye au mtoto asingekuwepo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kundi la ukoo, una njia kadhaa na kila moja ina gharama yake. Ukinyamaza, picha zitarudi. Ukimjibu wifi mbele ya wote, utasema kweli lakini utamwaibisha, na aliyeaibishwa mara nyingi hushikilia neno lake. Mimi ningempigia simu kwanza, nimweleze ni sanamu za nani na za mwaka gani, kisha nimwombe aandike yeye mwenyewe kundini kwamba habari imehakikiwa na si ya kweli. Akikataa, basi mzee wa ukoo aandike, maana mtoto ana haki kubwa kuliko fedheha ya siku moja.

Amebaki mpwa wako. Nia yake naiona ni njema, na mtihani wa sanaa ni mahali panapofaa pa kuuliza maswali haya. Lakini Piccinini hakumfinyanga mtoto wa mtu. Viumbe wake wametoka kichwani mwake, na hakuna anayetambulika mtaani kwa sababu yao. Sanamu ya mjukuu wako akiwa na sungura itabaki baada ya mshono kupona, na wakati ambapo ukoo bado unabishana, itasomwa kama kukiri kwamba wifi alisema kweli. Ningemshauri amfinyange sungura peke yake, au atumie uso wake mwenyewe, na ajitayarishe kuwaeleza walimu kwa nini alifanya hivyo. Kama bado anaona ni lazima awe mtoto huyu, aende kwa mama yake mtoto bila udongo mkononi na bila kamera, aombe ruhusa, na jibu likiwa hapana, ashukuru na asirudi kuuliza tena.